Shokapu za Mbele Zikipinda: Kipi Kinyooshwe, Kipi Kitupwe

Pikipiki ikiingia korongo kwa kasi au ikigonga jiwe usiku, mara nyingi injini hubaki nzima, tangi huambulia mkwaruzo, na dereva akijaliwa huinuka akajipangusa vumbi. Shokapu za mbele hazina bahati hiyo. Gurudumu limerudi nyuma likakaribia injini, usukani unaangalia pembeni, na mafuta yanachuruzika hadi kwenye ringi. Mwenye pikipiki anaikokota hadi kwa fundi akiwa na swali moja: ninyooshe, au ninunue nyingine?

Swali hili linawagusa watu wengi katika Afrika Mashariki. Pikipiki za njia mbovu kama Yamaha DT 125, Yamaha AG 100 na Honda XL 125 zimewabeba wahudumu wa afya, mabwana shamba na wafanyakazi wa miradi kwa miongo kadhaa. Aprili 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Dodoma ugawaji wa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani wa Tanzania, watu ambao kazi yao iko mwisho wa barabara ya vumbi. Bodaboda za Boxer na TVS nazo hupita njia hizo hizo zikiwa na abiria wawili na gunia juu. Na pale Garuga, karibu na Entebbe, vijana wa motokrosi huruka vilima na kutua na uzito wote ukiwa mbele. Wote hawa wameweka maisha yao juu ya mabomba mawili ya chuma.

Hoja ya makala haya ni kwamba tumeupindua utaratibu. Tunanyoosha kile kinachopaswa kubadilishwa, yaani bomba lililopinda, na tunapuuza vile vinavyotengenezeka kwa gharama ndogo: mafuta, sili, bushi na beringi za usukani. Ndiyo maana pesa inayookolewa siku ya ajali hutoka mfukoni polepole miezi inayofuata, na wakati mwingine hutoka pamoja na damu.

Kwa nini hupinda pale pale

Shokapu ya aina tunayoitumia leo, bomba linaloteleza ndani ya bomba huku mafuta yakituliza mtikisiko, ilifika sokoni katika BMW R12 ya mwaka 1935. Tangu hapo msingi wake haujabadilika sana. Kila upande una bomba la ndani la chuma lililopakwa kromu ngumu, na mguu wa nje wa alumini unaoshika ekseli ya gurudumu. Ndani mna springi, mafuta, na vijitundu vinavyobana mafuta yasipite kwa haraka. Springi hubeba uzito. Mafuta huizuia springi isirukeruke. Bushi huliongoza bomba liteleze bila kuyumba, na oili sili hufunga mafuta ndani na uchafu nje. Mabomba yote mawili hushikwa na vishikio viwili, cha juu na cha chini, vilivyounganishwa na nguzo ya usukani inayozunguka ndani ya shingo ya fremu.

Gurudumu linapogonga kitu, nguvu inaingia kwenye ekseli, chini kabisa, lakini bomba limeshikwa juu. Umbali kati ya sehemu hizo mbili ndio unaozidisha nguvu ya kupinda, kwa hiyo mzigo mkubwa zaidi huangukia chini kidogo ya kishikio cha chini. Nguzo ya uzio ikisukumwa kwa juu huvunjika pale inapoingia ardhini. Bomba la shokapu nalo hupinda pale linapoingia kwenye kishikio. Fundi mzoefu hutazama hapo kwanza, hata kama mwenye pikipiki anasisitiza kwamba tatizo ni ringi.

Unene wa bomba una nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Ukiongeza kipenyo kwa asilimia 10 bila kubadilisha unene wa ukuta wake, uwezo wa bomba kukataa kupinda huongezeka kwa karibu theluthi moja. Ndiyo sababu pikipiki za motokrosi za leo zina mabomba manene, ya milimita 48 kwenye Yamaha YZ450F na 49 kwenye Honda CRF450R, na zimeigeuza shokapu juu chini ili sehemu nene ishikwe na vishikio na sehemu nyembamba ibaki karibu na gurudumu. Faida yake ni ugumu. Hasara yake ni kwamba sili imehamia chini, karibu na tope na mawe, na ikipasuka mafuta yote yanaweza kumwagika, kwa kuwa hakuna mguu wa chini wa kuyazuia. Bodaboda na pikipiki za kazi zimebaki na mpangilio wa zamani, wenye bomba jembamba pale penye mzigo mkubwa. Nazo ndizo zinazobeba watu watatu.

Kabla ya kusema imepinda

Si kila shokapu inayoonekana kupinda imepinda. Ajali ya kuanguka ubavu au kugonga kwa mwendo mdogo mara nyingi huyazungusha mabomba ndani ya vishikio vyake, moja likatangulia na jingine likabaki nyuma. Usukani unaonekana umekwenda kombo na gurudumu linatazama kwingine, lakini chuma chenyewe kiko sawa.

Jaribio lake halihitaji spea hata moja. Legeza bolti za kishikio cha chini, nati ya nguzo ya usukani iliyo juu, na ekseli. Bana gurudumu kati ya magoti, zungusha usukani taratibu hadi ulingane nalo, kisha bonyeza sehemu ya mbele ya pikipiki mara kadhaa ili mabomba yatafute nafasi yake. Kaza nati ya usukani, kaza bolti za kishikio cha chini, kaza ekseli, na umalize kwa bolti za kubana ekseli baada ya kuibonyeza pikipiki tena. Mpangilio huo wa mwisho una sababu: ekseli ikibanwa kabla miguu haijatulia, miguu hiyo hukaa kwa mvutano na shokapu hukwama hata kama kila kitu ni kipya.

Ikinyooka, umemaliza. Ikigoma, au gurudumu likibaki limeegemea upande mmoja, mabomba yatolewe yapimwe. Kumwambia mteja anunue bomba kabla ya jaribio hili ni kumpotezea pesa, na kumnyooshea kwa jeki bomba ambalo halikupinda ni kuliharibu.

Milimita 0.2

Jicho hudanganywa na bomba la duara, hasa lenye kromu inayong'aa. Vitabu vya ufundi vya Honda na Yamaha huweka kikomo cha kupinda kwa bomba la shokapu kuwa milimita 0.2. Karakana iliyokamilika hulilaza bomba juu ya vitalu viwili vyenye umbo la V, huweka saa ya kupimia katikati, na kulizungusha bomba taratibu. Mshale wa saa huonyesha tofauti kati ya upande uliopinda na upande wa pili, kwa hiyo kupinda kwenyewe ni nusu ya kile saa inachosoma. Anayesahau kugawa kwa mbili hutupa bomba zima.

Fundi wa kijiweni anayekosa saa hiyo bado ana njia. Kioo kinene cha meza au cha dirisha ni tambarare kuliko benchi lolote la mbao. Liviringishe bomba juu yake na utazame mwanga unaopita chini. Fila geji ile ile ya kupimia valvu kwa kawaida huwa na jani la milimita 0.20; likipita chini ya bomba kwa ulaini, bomba hilo limeshindwa mtihani. Kipimo hiki hakifikii usahihi wa saa, lakini kinashinda kwa mbali kufumba jicho moja na kuchungulia. Pitisha pia kidole na ukucha sehemu iliyokuwa chini ya kishikio. Ukihisi mkunjo, ubapa, au kromu iliyopasuka nyufa nyembamba, hakuna haja ya kupima zaidi.

Upimaji usiishie kwenye mabomba. Ekseli iviringishwe kwenye kioo hicho hicho. Vishikio visafishwe kwa petroli na kukaguliwa nyufa, hasa kwenye kona za matundu ya bolti. Vile vya alumini vikipinda hubadilishwa. Shingo ya fremu ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo yenye gharama kubwa zaidi. Rangi iliyokunjamana au kuchubuka kwenye maungio yake na bomba la chini la fremu ni dalili kwamba mshtuko ulipita shokapu ukafika kwenye mwili wa pikipiki. Hapo hata shokapu mpya haitaondoa tatizo, kwa sababu pembe ya usukani yenyewe imebadilika.

Hoja ya wanaonyoosha, na mipaka yake

Kunyoosha kuna watetezi wake, na hoja yao ina uzito. Chuma kina sifa ya kukubali kupinda bila kukatika; bomba lililopinda kidogo, kwa mviringo mrefu usio na mkunjo, linaweza kurudishwa likiwa baridi, kwa presi, hatua kwa hatua, huku likipimwa kila mara. Huko Ulaya na Amerika Kaskazini kuna karakana zinazofanya kazi hiyo kwa pikipiki za kale ambazo spea zake hazitengenezwi tena. Mwenye pikipiki ya mwaka 1970 anayeiendesha Jumapili asubuhi hana pengine pa kwenda.

Lakini huku kwetu kazi hiyo hufanywa kwa namna nyingine. Bomba huwekwa kati ya vyuma viwili na kusukumwa kwa jeki ya gari, au hupashwa moto kwa gesi hadi liwe jekundu kisha hugongwa. Moto huo huiua kromu na kulainisha chuma mahali pale penye mzigo mkubwa kuliko pote. Bomba linanyooka kwa macho, lakini uimara wake umekwisha. Wapo pia wanaolizungusha bomba lililopinda ndani ya kishikio ili upindo utazame pembeni, mteja asiuone. Huko ni kumficha mtu hatari iliyo chini ya mikono yake.

Hata kunyoosha kwa baridi kuna deni lake. Chuma kikishapita kikomo chake cha kurudi chenyewe, muundo wake wa ndani umesogea, na kukirudisha ni kukisogeza tena kwa upande wa pili. Nguvu iliyobaki imefungwa ndani yake, na bomba hupinda mapema zaidi siku likisukumwa tena kule kule. Vitabu vya Yamaha huonya waziwazi kwamba bomba la ndani lililopinda lisinyooshwe kwa kuwa linaweza kudhoofika kwa kiwango cha hatari. Onyo hilo limeandikwa na watu wanaojua chuma chao, na wanaojua kwamba bomba la shokapu halitoi taarifa kabla ya kuachia.

Kuna pia jambo la kromu. Tabaka hilo ni gumu sana, lakini ugumu wake ndio udhaifu wake, kwani haliwezi kunyumbuka. Bomba likipinda na kurudishwa, kromu hupasuka nyufa ambazo pengine hazionekani. Maji ya mvua hupenya, kutu huanza chini, na baada ya muda vipande vidogo hunyanyuka na kukata sili kila shokapu inapopanda na kushuka. Mteja anarudi kwa fundi akilalamika kuwa sili ni feki. Anafungiwa nyingine, nayo inavuja. Mwishowe anaamua kuendesha bila mafuta, springi peke yake, na gurudumu la mbele linarukaruka badala ya kushika ardhi. Anapofunga breki kwenye changarawe, tairi liko hewani nusu ya muda. Hapo ndipo akiba ya kunyoosha inapoishia.

Kwa hiyo mstari unaweza kuchorwa bila utata. Bomba lililopita milimita 0.2, lenye mkunjo, ubapa, ufa au alama ya moto, libadilishwe. Pikipiki ya kubeba abiria, ya mwendo wa barabara kuu, au ya kuruka vilima isinyooshewe bomba kabisa. Nafasi pekee inayobaki ni ya pikipiki ya kale isiyo na spea, upindo mdogo wa mviringo mrefu, fundi mwenye presi na saa ya kupimia, na mwenye pikipiki aliyeambiwa ukweli wote.

Vile vinavyotengenezeka

Bomba lililonyooka lenye mikwaruzo ni habari tofauti. Kijikovu kilichosababishwa na jiwe kinaweza kulainishwa kwa jiwe laini la kunolea au msasa wa maji wa namba 1000 na kuendelea, ukiondoa ncha inayokata sili na kuacha kromu inayozunguka ilivyo. Shimo dogo la kutu lililo nje ya eneo ambalo sili hupita halina madhara makubwa. Lililo ndani ya eneo hilo litakula kila sili utakayofunga. Mahali penye huduma ya kuchubua, kusaga na kupaka kromu upya, bomba nene la pikipiki ya bei kubwa linastahili kazi hiyo. Kwa bomba la bodaboda, jipya ni rahisi zaidi.

Sili inayovuja haimaanishi sili iliyokufa. Punje ya mchanga ikikwama kwenye ukingo wake, mafuta yatatoka. Sogeza kizuia vumbi kutoka mahali pake, chukua kipande chembamba cha plastiki laini, hata cha chupa ya maji, kikatwe ncha kama ndoana, ukizungushe kati ya sili na bomba ili kutoa uchafu. Ikiacha kuvuja, umeokoa sili. Isipoacha, badilisha sili za pande zote mbili, na usicheleweshe: mafuta yanayofika kwenye viatu au pedi za breki huondoa breki ya mbele kabisa.

Ule mpira wenye mikunjo unaofunika bomba kwenye DT, XL na AG huonekana kama pambo, na ukichanika wengi huutupa. Kazi yake ni kuzuia vumbi na mawe yasifike kwenye kromu. Kuurudisha kunagharimu kidogo kuliko seti moja ya sili. Vivyo hivyo kwa bushi: ile rangi ya kijivu ya juu ikishakwisha na shaba ikaanza kuonekana, bushi imechoka, na bomba linaanza kugonga upande kwa upande.

Mafuta ndiyo yanayodhulumiwa zaidi. Shokapu nyingi hufunguliwa tu siku zinapovuja, na mafuta yanayotoka huwa meusi au meupe kama maziwa kwa sababu ya maji. Kisha hujazwa mafuta ya injini yaliyobaki kwenye chupa, bila kipimo. Mafuta mazito mno huifanya shokapu iwe ngumu na ichelewe kurudi, ikizama zaidi kila shimo linalofuata. Mafuta mengi mno hupunguza hewa iliyo juu yake hadi shinikizo linasukuma sili nje. Kila aina ya pikipiki ina kiasi chake na uzito wake, mara nyingi wa daraja la 10W kwa shokapu za kawaida, na kiasi cha kulia kilingane na cha kushoto. Bomba la sindano kubwa isiyo na ncha linatosha kupimia.

Mwisho ni beringi za usukani. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole. Ukihisi unakwama katikati kama unaoingia kwenye kijishimo, beringi na vikombe vyake vimeumwa na mshtuko. Watu huishutumu shokapu kwa mtikisiko ambao chanzo chake kiko hapa, na kuvibadilisha ni kazi ya asubuhi moja.

Sokoni

Anayeamua kununua ana milango mitatu: spea halisi, kopi, na mtumba. Kariakoo jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na soko la Kisekka mjini Kampala zote zina milango hiyo, wakati mwingine katika duka moja. Kopi si lazima iwe mbaya, lakini ipimwe kabla ya pesa kubadilisha mikono. Liviringishe bomba juu ya kioo cha kaunta. Bomba jipya lililopinda lipo, na muuzaji mwaminifu hatakuzuia. Linganisha uzito wake na la zamani, kwa kuwa ukuta mwembamba hujificha vizuri ndani ya kromu nzuri. Linganisha kipenyo, urefu na nyuzi za kifuniko cha juu.

Mtumba unahitaji macho zaidi, maana shokapu nyingi za mtumba zimetoka kwenye pikipiki zilizopata ajali. Kununua seti kamili yenye vishikio, nguzo ya usukani na ekseli yake huondoa kero nyingi za kulinganisha. Ama kuhusu kufunga shokapu nene za motokrosi kwenye bodaboda ili ipendeze, tatizo si bolti tu. Urefu ukibadilika, pembe ya usukani inabadilika. Springi iliyokusudiwa pikipiki nyepesi ya mbio haikukusudiwa mzigo wa watu watatu. Na shokapu isiyopinda hupeleka mshtuko wote kwenye shingo ya fremu, ambayo haina mbadala wa bei nafuu.

Hesabu ya kweli inajumlisha kila kitu: malipo ya kunyoosha, sili mbili, mafuta, siku ya kazi iliyopotea, kisha sili nyingine mbili, siku nyingine, na bomba jipya ambalo lingenunuliwa tangu mwanzo. Dereva wa bodaboda anayelipa hesabu ya kila siku kwa mwenye pikipiki hawezi kubeba mzunguko huo, na mara nyingi si yeye aliyeamua. Mwenye pikipiki ndiye anayesema nyoosha, ilhali anayekalia hatari ni dereva na abiria wake. Uamuzi wa bomba ungefaa uwe wa fundi mwenye kipimo, naye apewe nafasi ya kusema hapana bila kupoteza mteja.

Mafundi wengi hawakusomea darasani, na ujuzi wao ni wa kweli. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania, ina utaratibu wa kuwatambua na kuwathibitisha mafundi waliojifunzia kazini. Upimaji wa bomba la shokapu unastahili kuwa sehemu ya mtihani huo, na saa ya kupimia pamoja na vitalu vyake viwili vinunuliwe na chama cha bodaboda cha kituo ikiwa fundi mmoja hawezi. Ni kifaa cha miaka mingi kwa watu wengi.

Kuna hatua moja ambayo haihitaji chama wala serikali. Bomba lililoshindwa kipimo, hata likikataliwa na fundi mwaminifu, huishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu, na kutoka hapo laweza kunyooshwa, kung'arishwa na kurudi sokoni kama mtumba safi. Fundi anayelitoa alikate vipande viwili kwa msumeno mbele ya mteja kabla halijaondoka kijiweni. Bei yake ya chuma chakavu itabaki ile ile, na hakuna mtu atakayelifunga tena chini ya usukani wa mwingine.